Jedwali la Walioacha Kazi

Kila mwezi ofisi ya utumishi ya kampuni ya Tanzania inakuwa imeshaandaa takwimu za watu wake kwa ajili ya taasisi kadhaa. Kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ufundi stadi zinakwenda Mamlaka ya Mapato kabla tarehe saba haijapita. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ina orodha yake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una yake. Kila jina lina namba ya uanachama, mshahara, makato na tarehe ya kuajiriwa. Tuna takwimu nyingi kuliko tunavyodhani, ila zote tunaziandaa kwa ajili ya wengine. Sisi tunaokaa na watu hawa kutwa nzima, tunaowasainia likizo na kuwasikiliza shida zao, huwa hatukai chini kuzisoma.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye ofisi za utumishi za viwandani, Dar es Salaam. Kiwanda ninachokieleza hapa kinafungasha vyakula. Kina watu mia kadhaa wa mkataba, na vibarua wanaoongezeka msimu wa mavuno. Maofisa wenzangu tukikutana kwenye semina huniuliza tulianzaje kuchambua takwimu za wafanyakazi, na wengi hutegemea nitaje programu fulani ya kununua. Naandika ili niwajibu kwa kirefu, kwa sababu naamini kabisa kwamba kazi hii ikifanywa vizuri inamfikishia bosi sauti ya mfungashaji ambaye hajawahi kukaribishwa kwenye kikao, na ikifanywa vibaya inamuumiza yuleyule.

Kwetu ilianza na mabishano. Watu wa idara ya ufungashaji walikuwa hawakai. Tunawaajiri, tunawafundisha, wanaondoka, tunatangaza upya. Kwenye kikao cha menejimenti kila mmoja alikuwa na jibu lake. Meneja uzalishaji, mtu mchapakazi ninayemheshimu sana, alisema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mhasibu alisema ni mshahara. Msimamizi wa zamu alisema wanavutwa na kiwanda jirani. Wote walizungumza kwa uhakika, na hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Mkurugenzi akanigeukia: utumishi mnasemaje? Nikaomba nipewe muda, nirudi na orodha.

Huo ndio mwanzo ninaomshauri kila mtu. Awepo mtu anayebishana juu ya jambo linaloumiza, na swali liwe moja: nani anaondoka, baada ya muda gani, na kutoka wapi? Hata Google, wenye wataalamu wa takwimu wa kila aina, kazi yao iliyojulikana zaidi kwenye eneo hili walianza na swali la namna hiyo: je, meneja ana faida yoyote, au watu wanaweza kufanya kazi bila yeye? Mradi huo waliuita Project Oxygen. Walikusanya tathmini za utendaji, maoni ya wafanyakazi na majina ya mameneja waliopendekezwa kupewa tuzo, wakakuta kwamba meneja mzuri ana faida kubwa, na katika sifa nane walizozipata, utaalamu wa kiufundi ulishika nafasi ya mwisho. Kumsikiliza na kumlea aliye chini yako kulikuwa juu. Jibu hilo lilitoka kwenye karatasi ambazo tayari zilikuwa ofisini kwao.

Na sisi tulikuwa na karatasi: masjala nzima. Nilifungua jedwali kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila mtu aliyepita kiwandani katika miaka ya karibuni, na safu chache tu: namba ya ajira, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, idara, zamu, msimamizi, anakoishi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, sababu ya kuacha. Jina sikuliweka. Majina yalibaki kwenye faili lingine lenye nywila, na namba ya ajira ndiyo iliyokuwa daraja kati ya mafaili hayo mawili. Anayeanza leo namsihi afanye hivyo tangu siku ya kwanza, maana jedwali lenye majina likishatumwa kwa barua pepe mara moja halirudi tena.

Kujaza safu hizo ndiyo kazi ngumu, na hakuna anayekuonya. Chukua tarehe ya kuanza kazi. Unafungua jalada moja, barua ya ajira inasema tarehe 1, mkataba umesainiwa tarehe 15, na NSSF aliandikishwa mwezi uliofuata. Ipi ni sahihi? Tuliamua kwamba mtu ameanza siku aliyoonekana kwa mara ya kwanza kwenye daftari la mahudhurio, tukaandika uamuzi huo juu ya jedwali ili yeyote atakayekuja baadaye aujue. Halafu kompyuta: ukiandika 03/04, mashine moja inasoma tarehe 3 Aprili, nyingine iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma tarehe 4 Machi, na hazikuambii. Mtu anaonekana ameacha kazi kabla hajaajiriwa. Idara moja ilikuwa imeandikwa kwa namna tano: Ufungashaji, Ufungaji, Packing, Paking, na kifupi alichokibuni karani wa zamani. Hamisi mmoja ni Khamis kwenye mkataba na Hamis kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo kompyuta inahesabu watu wawili.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina hadithi yake. Ukizipanga utaona 1 Januari na 1 Julai zimejaa kupita kiasi. Watu hawakuzaliwa wote siku hizo. Ni wazee na vijana wa vijijini ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wakapewa tarehe ya kujazia fomu. Kwa hiyo umri wa mtu wa aina hiyo ni wa kukadiria, na anayetaka kupanga mambo ya kustaafu kwa kuutegemea umri huo aanze kwa kuzungumza na mhusika mapema.

Mama anayetunza masjala yetu ndiye aliyeniokoa. Anajua jalada gani lilihamishiwa wapi mwaka gani, nani aliacha akarudi kwa jina la ubini mwingine, nani alikuwa kibarua miaka kadhaa kabla ya mkataba. Tulikaa naye mezani, jalada kwa jalada, yeye akisoma, mimi nikiandika. Ofisi nyingi zinamwacha mtu wa namna hii nje zinapoleta wataalamu wa mifumo. Mimi nasema hakuna uchambuzi unaoweza kuaminika bila yeye.

Wanaodharau kazi hii ya usafi wakumbuke nchi yetu imepitia nini. Mwaka 2016 watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Mwaka uliofuata, uhakiki wa vyeti uliotegemea kumbukumbu za Baraza la Mitihani ukatoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mambo hayo mawili hayakuhitaji hesabu za juu. Yalihitaji orodha mbili ziwekwe sambamba zilinganishwe, mstari kwa mstari. Lakini pia kila aliyekuwa ofisini miaka hiyo anajua hofu ya mtu halali ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti na kwenye barua ya ajira, akawa anazunguka na viapo vya mahakamani. Herufi moja uliyoikosea wewe mezani inaweza kuusimamisha mshahara wa mtu.

Jedwali liliposafishika, tukaja kwenye hesabu. Wengi huanza na kiwango cha kuacha kazi: idadi ya walioacha katika mwaka, igawanye kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi wa mwaka huo, zidisha kwa 100. Ni hesabu nzuri, na wakurugenzi wanaipenda kwa kuwa ni namba moja. Ila ichunguze. Tuseme idara ina nafasi 80, na katika mwaka wameacha watu 40. Kiwango ni asilimia 50, na anayesikia anaona nusu ya idara imeondoka. Inawezekana kweli nafasi 40 zilibadilisha mtu mara moja moja. Lakini inawezekana pia nafasi 10 tu ndizo zilizobadilisha mtu mara nne nne, na watu wengine 70 wapo palepale, wametulia, wana miaka. Ugonjwa wa kwanza na wa pili haufanani hata kidogo, na dawa zake ni mbalimbali, lakini namba ni ileile.

Ndiyo maana tuliiacha, tukawafuata watu kwa makundi ya kuingia. Walioajiriwa Januari wanawekwa pamoja, wa Februari pamoja, na kwa kila kundi unauliza: baada ya mwezi mmoja wangapi wapo? Baada ya miezi mitatu? Sita? Mwaka? Excel ya kawaida inatosha kabisa. Kanuni ya kuhesabu mistari inayotimiza masharti mawili matatu ndiyo tuliyoitumia karibu kila mahali. Jambo la kuzingatia ni kuwahesabu na wale ambao bado wapo. Nimeona ripoti nyingi zinazochukua walioacha tu, zinatafuta wastani wa muda waliokaa, halafu zinatangaza kwamba mfanyakazi wetu hukaa miezi minane. Yule aliyekaa miaka kumi na bado yupo hayumo kwenye hesabu hiyo. Kampuni yenye waaminifu wengi inaonekana kama stendi ya mabasi.

Makundi yalipopangwa tuliona kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye kikao. Mwezi wa kwanza na wa pili watu walikuwa wamekaa vizuri. Upungufu mkubwa ulikuwa unaanza mwezi wa tatu, kundi baada ya kundi. Kama ni uvivu wa vijana, kwa nini uvivu huo usubiri mwezi wa tatu? Kama ni mshahara, mshahara waliujua tangu siku ya kusaini. Tukaulizana nini kinabadilika mwezi wa tatu, na mama wa masjala akajibu bila hata kuangalia karatasi: wanamaliza mafunzo, wanatolewa zamu ya asubuhi, wanaingizwa kwenye mzunguko wa zamu ya jioni.

Zamu ya jioni ilikuwa inaisha saa nne usiku. Tukarudi kwenye safu ya mahali mtu anakoishi, ambayo nusura tuiache kwa kuona haina maana. Wa karibu, Vingunguti na Buguruni, walikuwa wanakaa. Wa mbali, Chanika, Msongola na Chamazi, ndio waliokuwa wanaondoka. Basi la kampuni lilikuwa linawashusha Gongo la Mboto na Mbagala, kabla ya kufika huko, halafu linageuza.

Hapo takwimu zilikuwa zimefika mwisho wake. Zilituonyesha wapi pa kwenda kuuliza, na mtu asidanganyike kwamba zinaweza zaidi ya hapo. Fomu zetu za mahojiano ya kuondoka hazikusaidia, karibu zote zilisema sababu binafsi. Na kwa nini mtu aseme zaidi? Siku anayojaza fomu ile bado anakusubiri wewe umlipe stahiki zake za mwisho na umpe cheti cha utumishi anachokihitaji kwa mwajiri mwingine. Hawezi kukulaumu usoni. Tukaamua kuwapigia simu baadaye, baada ya kulipwa kila kitu, na kumwacha mtu aseme au asiseme kwa hiari yake. Na tulikaa na waliokuwa bado kazini. Dada mmoja wa mashine ya kufungashia alieleza kwa maneno machache: "Kazi siyo mbaya, dada. Mbaya ni kushushwa pale barabarani saa tano. Bodaboda wa usiku anataka hela ya maziwa ya mtoto."

Hilo ndilo lililokuwa linawaondoa. Mtu anapiga hesabu yake mwenyewe, nauli ya bodaboda ya usiku mara siku za zamu ya jioni kwa mwezi, anaitoa kwenye mshahara, na kuna hofu ya njiani ambayo haina bei. Wanawake walikuwa wanaondoka zaidi, na kila mtu anaelewa kwa nini.

Tulipeleka ukurasa mmoja kwa mkurugenzi: mchoro wa makundi, orodha ya maeneo, na gharama ya kuajiri na kumfundisha mtu mpya ikilinganishwa na gharama ya mafuta ya basi. Njia ya basi ikarefushwa, zamu ikaanza na kuisha mapema kidogo. Makundi yaliyofuata yalipita mwezi wa tatu vizuri kuliko yaliyotangulia. Nisingependa mtu asome hapa kwamba tatizo liliisha. Mshahara bado unalalamikiwa, na kwa haki. Tena kipindi kilekile kiwanda jirani kilipunguza uzalishaji, kwa hiyo sehemu ya watu huenda walibaki kwa kukosa pa kwenda. Tulilinganisha na idara ambayo basi halikuibadilishia kitu, nayo ilikuwa imeongezeka watu wa kubaki, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo basi lina mchango, na siwezi kusema ni wote.

Kulikuwa na upungufu mwingine kwenye mchoro uleule, mdogo lakini unaoonekana, karibu na mwezi wa tano. Huu haukuwa wa bodaboda. Safu ya sababu ilikuwa inasema mkataba umesitishwa na mwajiri. Kila afisa utumishi anajua maana yake. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Kuna mahali mtu alikuwa anawaondoa watu wazuri kabla hawajafikisha muda huo, kisha anaajiri wengine. Nililiweka jambo hilo kwenye ukurasa uleule, kwa wino uleule. Nililala nikiwa na wasiwasi siku hiyo, sifichi. Lakini kama ningeonyesha kinachowaondoa watu njiani na kuficha kinachowaondoa ofisini, jedwali lote lisingekuwa na thamani. Mkurugenzi aliagiza kwamba kusitishwa kokote ndani ya miezi sita kupite kwake kwa maandishi yenye sababu, na mchezo ule ukakoma.

Mafanikio yakileta sifa, maombi yanaanza kumiminika, na hapa ndipo nataka wanaoanza wawe macho. Ombi la kwanza lilikuwa la ED, yaani ruhusa za ugonjwa. Meneja mmoja alikuwa amesikia juu ya kipimo cha Bradford kinachotumika Uingereza: unachukua idadi ya vipindi mtu alivyokosa kazini, unaizidisha kwa yenyewe, halafu unazidisha kwa jumla ya siku. Aliyelazwa mara moja kwa siku 10 anapata 10. Aliyekosa siku mojamoja mara kumi anapata 1,000. Wazo lake ni kwamba kukosa kwa vipande vifupi kunavuruga ratiba zaidi, na kwa mtazamo wa anayepanga zamu ni kweli. Lakini angalia ni nani huku kwetu anayekosa siku mojamoja kwa mpangilio. Ni mwenye selimundu. Ni anayehudhuria kliniki ya CTC kuchukua dawa za VVU. Ni mama mwenye mtoto wa kliniki. Kipimo kile kingewaweka juu ya orodha ya wakorofi, na mbaya zaidi, mtu mwenye akili akiangalia tarehe zao angeweza kubahatisha hali zao za kiafya. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti VVU na UKIMWI inalinda siri ya hali ya mtu, na siri haivuji kwa mdomo tu; safu ya tarehe nayo inaivujisha. Tulikubaliana kuhesabu siku za ugonjwa kwa idara nzima na kwa mwezi, bila majina, na hilo lilitosha kabisa kupangia zamu. Tena lilituonyesha kwamba chumba kimoja chenye vumbi la unga kilikuwa kinaumiza vifua vya watu.

Ombi la pili lilinisikitisha zaidi. Nilitakiwa kutoa orodha ya wanawake walio katika umri wa kuzaa ambao hawajachukua likizo ya uzazi karibuni, "ili tujipange". Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, na ni haki. Orodha ile isingetumika kupanga kitu. Ingetumika kuamua nani asipandishwe cheo. Kumbagua mtu kwa ujauzito kumekatazwa na sheria ileile ya ajira, na kukataa kwangu nilikuandika kwa barua. Nilisema naweza kutoa wastani wa likizo za uzazi kwa mwaka kwa kiwanda kizima, ambao ndio unaohitajika kuweka fungu la watu wa kushikilia nafasi. Orodha ya majina sitatoa. Afisa utumishi anayeanza asiogope kuandika barua ya namna hiyo. Tangu Mei 2023 ana sheria nyingine ya kushikilia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisitumike kwa lengo jingine. Fomu ya bima ya afya ilijazwa kwa ajili ya bima. Haikujazwa ili mtu akapimwe nayo cheo.

Wapo watakaokuambia kwamba kompyuta haina upendeleo, iachie ichague yenyewe. Amazon waliijaribu. Walitengeneza programu ya kuchambua wasifu wa waombaji kazi, wakaifundisha kwa maombi yaliyopokelewa katika miaka kumi, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Programu ikajifunza kuwashusha waombaji ambao wasifu wao ulitaja mambo ya wanawake, mfano klabu ya wanawake ya mchezo fulani, na hata waliosoma katika vyuo viwili vya wanawake. Mradi ulivunjwa, na shirika la habari la Reuters likauandika Oktoba 2018. Sasa fikiria jedwali la kiwanda ambacho kwa miaka yote hakijawahi kumpandisha mwanamke kuwa fundi mkuu. Ukiiambia kompyuta ijifunze kutoka humo fundi mkuu anafananaje, itakujibu kwa uaminifu mkubwa kwamba anafanana na wanaume uliokuwa nao.

Na tahadhari kwa idadi ndogo. Idara ya watu wanne akiacha mmoja, kiwango chake ni asilimia 25, na nimeona msimamizi akiitwa kujieleza kwa ajili ya mtu aliyehama kumfuata mumewe Mwanza. Kwetu kundi lenye watu chini ya kumi halipewi asilimia. Linaandikwa idadi tu, na kama ni maoni ya siri halitolewi kabisa, maana kwenye kundi la watu wanne kila mtu anajua nani amesema nini.

Kuna matumizi mengine yaliyo mepesi na yenye faida ya haraka. Panga watu kwa umri, tazama nani anafikia umri wa kustaafu, 60, katika miaka mitano ijayo, na anafanya kazi gani. Sisi tuligundua kwamba mafundi wa boila karibu wote walikuwa wazee, na hakukuwa na kijana hata mmoja chini yao. Hakuna hesabu ndani yake. Ni kupanga safu moja. Sasa kila mzee ana kijana anayemfuata.

Tulichokifanya mwishoni ndicho ninachokijali kuliko vyote. Ule ukurasa mmoja, ukiwa umeondolewa kila kinachoweza kumtambulisha mtu, tuliubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini, kwa Kiswahili, na tukaupeleka kwenye kikao cha tawi la chama cha wafanyakazi. Meneja uzalishaji aliogopa utaleta vurugu. Ulileta masahihisho. Wafungashaji walisimama mbele ya mchoro wakisonta kwa kidole, wakasema mwezi fulani upungufu haukuwa wa watu kuacha, mashine ilikuwa imeharibika na vibarua waliambiwa wasije. Walikuwa sahihi, na jedwali likarekebishwa. Tangu hapo watu wanaleta wenyewe taarifa ya kuhama nyumba, kwa sababu wameona safu ya mahali wanakoishi ilileta basi.

Mwenzangu uliye kwenye ofisi ya utumishi, iwe kiwandani, hospitalini au shuleni, usisubiri bajeti ya mfumo. Chukua tarehe za kuingia na kutoka za miaka mitatu, mkae na mtunza masjala wako, wapangeni watu kwa makundi ya kuingia, muangalie mwezi ambao wanapungua, kisha mwende mkawaulize wenyewe. Na karatasi mtakayompelekea mkurugenzi, bandikeni nakala yake kantini.